Sauti Iliyonyamazisha Vyura

Wasikilizaji wapendwa, kitu cha kwanza alichokiona Glody alipofika Stockholm ni jani dogo la kijani lililokaukia kwenye buti. Glody ana haya. Akisalimiwa huangalia chini. Basi pale uwanja wa ndege aliangalia chini, akaona buti za mpira zenye matope, na jani la bwawani limeganda kisiginoni. Mwenye buti akacheka kicheko cha kujaza ukumbi. "Karibu, binti ya dada yangu! Natoka kwa vyura moja kwa moja."

Huyo ndiye Mama Emérithe Kavira, tunayemkumbuka leo. Mzaliwa wa Butembo, mkazi wa Norsborg, mpishi wa shule kule Bredäng. Ametutoka mwezi wa pili, barafu ikiwa bado nene bwawani.

Mambo ya vyura yalianzaje? Asubuhi moja ya mwezi wa nne, akienda kupanda treni, Mama Emérithe alisikia sauti kwenye bwawa lililo nyuma ya maghorofa. Ilikuwa kama sufuria ya maharage inayotokota. "Nani anapika humu?" akauliza. Akasogea. Maji yalijaa vyura, na madume walikuwa wa buluu. Buluu kabisa, wasikilizaji. Rangi hiyo huwakaa siku chache tu, halafu hufifia. Siku hiyo alichelewa kazini. Tangu hapo, kila theluji ikiyeyuka, mtafute Mama Emérithe kwenye majimaji yale.

Glody aliachia shule darasa la nne, katika kambi ya wakimbizi. Huku, katika darasa la Kiswidi, akiulizwa neno aliinamia daftari. Tantine, ndivyo alivyomwita mama yake mdogo, akamvalisha buti. "Twende bwawani. Kule hakuna atakayekuuliza kitu. Kule anayenyamaza ndiye anayeona."

Na kweli, Glody aliona kabla ya wote. Hakusema, alinyoosha kidole tu. Huyu hapa chura, amejificha kwenye majani makavu. Yule pale mjusi wa maji, tumbo rangi ya chungwa, chini ya gogo. Gogo waliliinua taratibu, wakaangalia, wakalirudisha kama walivyolikuta. Hawakuchukua kitu.

Mama Emérithe mwenyewe alikuwa fundi wa kuwakimbiza. Akicheka tu, bwawa zima linanyamaza. Mumewe, mzee Kambale, anatuambia: "Bibi yangu hakujua kunong'ona. Hata kanisani. Pasta alikuwa anamungojea amalize."

Siku moja Mama Emérithe alimwita mjukuu wake: "Nala, vaa viatu, tukatafute padda!" Nala akaja mbio, chaja mkononi. Wasikilizaji mnaoishi huku mmeshacheka. Kwa Kiswidi padda ni chura mwenye ngozi ya vipele, lakini watoto huita hivyohivyo tableti zao. Alipoonyeshwa padda amekaa kwenye tope, Nala alimtazama sana, kisha akamwambia nyanya yake kwa Kiswidi, "Hii haiwaki."

Kicheko cha siku hiyo kilifukuza hata bata. Glody akaweka kidole mdomoni: shh! Ndipo tantine akamtania, kama alivyomtania kila mwaka. "Wewe Glody, sema kweli. Unakuja huku kwa ajili yangu ao kwa ajili ya vyura?"

Glody alitabasamu, akaangalia chini.

Kila mwaka swali lilikuwa hilohilo. Kila mwaka Glody hakujibu. Hata hospitalini, mwezi wa pili, tantine aliliuliza tena, safari hii kwa sauti ndogo. Glody alifungua mdomo. Nesi akaingia na dawa. Kesho yake hapakuwa tena na wa kujibiwa.

Mzee Kambale, poleni. Nala, pole, na mama yako Nicole. Majirani wa Norsborg na wapishi wenzake wa Bredäng, poleni sana. Na sisi tuliobaki, tuangalie pembeni yetu. Pengine kuna mtu anatuuliza jambo kwa utani, na anangoja jibu la kweli.

Wasikilizaji wapendwa, wiki iliyopita barafu iliyeyuka. Glody alivaa buti za tantine, ingawa zinampwaya, akamshika Nala mkono, wakaenda bwawani. Vyura wa buluu walikuwa wakitokota kama zamani. Glody alisimama majini mpaka wakamzoea. Safari hii hakunyoosha kidole. Alisema, kwa sauti ambayo Nala hakuwahi kuisikia:

"Kwa ajili yako, tantine. Nilikuwa nakuja kwa ajili yako."

Bwawa zima likanyamaza.