Bibiche Nabintu, Mkalimani Aliyekataa Kutafsiri Tusi

Dada yetu Bibiche Furaha Nabintu alizaliwa Bukavu tarehe 3 Machi 1968, mtoto wa kwanza wa marehemu Baba Émile na Mama Scholastique. Mimi ninayesoma ni Gracien, mdogo wake. Mama alisema Bibiche alitembea akiwa na miezi tisa, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumkalisha.

Alisoma Bukavu na kuhitimu Chuo cha Ualimu mwaka 1991, katika Kiingereza. Alifundisha hadi vita vya 1996 vilipotukimbiza hadi Kigoma. Tulifika Texas Agosti 1998.

Alipanga nyumba mjini Euless, akafanya kazi ghalani katika mji wa jirani wa Grand Prairie. Mwaka 2000 alisikia kanisani kwamba Wafaransa wamekuja Fort Worth kutengeneza filamu ya kuchekesha, ya mwanamke wa Paris aliyempenda mfuga farasi wa Texas, wala hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Walihitaji mkalimani. Msimamizi wake wa ghalani alimnyima ruhusa. Bibiche alitundika kizibao cha kazi ukutani, akaondoka.

Wiki ya pili, mtunza farasi, mzee wa Kimarekani, alikataa farasi akimbizwe kwa sababu mnyama huyo alikuwa na kidonda mguuni. Mwongozaji wa filamu alikasirika. "Mwambie ni mzee mpumbavu!"

Bibiche alimjibu kwa Kifaransa, "Hilo silitafsiri. Huyu ni wa umri wa baba yangu."

"Basi nenda nyumbani."

Akaenda. Kesho yake asubuhi dereva wa filamu, Polycarpe, mtu wa Kalemie, alimkuta Euless akifunga sanduku. Kwamboka, rafiki wa Bibiche, alikuwa amemwambia kuna kazi Houston.

"Dada, banakuita kule. Bila wewe hakuna anayemwelewa mwenzake."

"Amuombe mzee radhi kwanza."

Polycarpe akarudi Fort Worth na ujumbe huo, akaja tena na jibu: mwongozaji atafikiri.

"Mwambie na mimi nitafikiri, nikiwa Houston."

Safari ya tatu alifika akitabasamu. "Ameomba radhi mbele ya wote. Nilisikia na masikio yangu." Wakiwa njiani akasema, "Tangu asubuhi nabeba maneno ya watu. Na mimi nina yangu."

"Endesha kwanza," Bibiche akamwambia.

Walifunga ndoa Garland tarehe 9 Juni 2001, wakabarikiwa watoto wawili, Orpa na Matumaini. Walihama nyumba sita kwa miaka saba. Filamu ile tulikuwa na kaseti yake, lakini Bibiche hakuwahi kuitazama hadi mwisho. Shemeji alikuwa akipiga kelele ili akae, "Mama Orpa, ikala basi!" Naye alikuwa ameshafika jikoni, au kwa jirani.

Mwaka 2004 walihamia Houston, akawa mkalimani hospitalini. Mei 2007 aligunduliwa kuwa na saratani ya titi. Hata siku za matibabu alizunguka wodini akisukuma mti wa dripu, akiwatafsiria wagonjwa wengine. Wauguzi walimrudisha kitandani, akatoka tena.

Asubuhi ya tarehe 12 Novemba 2008 hakuweza tena kuinuka. Alimuuliza mumewe, "Nani yuko kwa yule bibi wa chumba cha pili? Hajui Kiingereza."

"Nitakwenda mimi," Polycarpe akasema. Akaenda, na Kiingereza chake hicho hicho cha kuungaunga. Aliporudi, alimkuta mkewe ametulia.

Shemeji, usijilaumu. Alikutuma mwenyewe.

Ameacha mume, Polycarpe. Watoto, Orpa wa miaka sita na Matumaini wa miaka minne. Mimi mdogo wake. Na mama yetu, Scholastique, ambaye viza yake haikutoka. Yuko Bukavu, anatusikiliza sasa hivi kwenye simu aliyoishika Kwamboka.

Mama, kitenge ulichotuma kilifika jana. Tumemvika.

Mungu ampe mtoto wako pumziko, na amani isiyohama.