Delbert Stroud na Gari Lake Jeupe Lililokuwa la Polisi

Mchungaji, majirani, na ninyi wa ukoo ambao mara ya mwisho tuliwaona tulipomzika Wilma Jean, mimi ni Lorene, dada mkubwa wa marehemu, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake, na nitayasoma yote, hata yale ambayo Rodney aliniomba jana niyaruke.

Marehemu Delbert Stroud alizaliwa tarehe 4 Februari 1944 hapa Pell Creek, Indiana, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Amos Stroud na mama yetu Hettie. Alisoma shule ya hapa hapa hadi darasa la nane, akaacha mwaka 1958, na tarehe 2 Mei 1962 akaajiriwa kiwanda cha vioo, akasimama mbele ya tanuri miaka arobaini na moja, mpaka kiwanda kilipofungwa. Tarehe 10 Juni 1967 alimwoa wifi yangu Wilma Jean, mwanamke aliyejua kupika na kununa akajua zaidi, wakajaliwa mtoto mmoja, Rodney, yule pale mbele aliyevaa miwani ya jua ndani ya kanisa.

Tarehe 9 Oktoba 2010, kwenye mnada wa wilaya, marehemu alinunua Ford Crown Victoria nyeupe, iliyotumikia polisi hadi ikachoka, yenye matundu manne juu ya paa palipong'olewa taa za king'ora. Aliyaziba mwenyewe, yakaendelea kuvuja upande wa Wilma Jean peke yake, naye akawa anapanda amevaa kofia ya nailoni ya kuogea, lakini kupanda hakuacha. Marehemu akitokea nyuma ya watu barabara kuu, wote walipunguza mwendo wakidhani ni polisi, wakajipanga kama wanaokwenda kupokea ushirika, naye akacheka hadi akakohoa. Kila Jumamosi alikunywa kahawa na wenzake watano wenye magari kama hilo, ambayo leo yako hapo nje yameoshwa, na kila mmoja aliapa kwamba lake ndilo lililokamata wezi wengi, ingawa la Delbert, kwa ninavyojua mimi, lilifukuza zaidi ng'ombe waliotoroka.

Tarehe 14 Machi mwaka huu alilazwa kwa maradhi ya moyo, akaniachia agizo moja tu, gari liwashwe kila Jumapili. Jumapili ya tatu nilimkuta Rodney amelipaka namba 44 milangoni kwa rangi nyekundu, ameng'oa taa za mbele, analiandaa kwa maonyesho ya wilaya ya Agosti, kwa yale mashindano ya kugonganisha magari mpaka libaki moja linalotembea, huku watu wakila soseji na kushangilia. Nilimuuliza kama baba yake ameshakufa na mimi sijaambiwa.

"Shangazi, lile ni chuma tu," akasema, "na mzee haliendeshi tena."

Nikamwambia arudishe taa, kwa sababu siku ya mnada marehemu alisahau leseni nyumbani, kadi ya gari ikaandikwa jina langu mimi niliyekuwa naye, na akiligusa tena nitawaita polisi wenyewe. Taa alirudisha. Betri alikuwa ameshaifunga kwenye trekta yake, akaapa haijui. Na kila siku hospitalini Delbert aliniuliza, "Dada, limewaka mara ya kwanza?" nami, mwanamke wa miaka themanini na tatu, nikajibu, "Limewaka." Uongo huo Mungu amwandikie Rodney, mimi siupokei. Marehemu alifariki tarehe 3 Juni 2023, saa nne asubuhi, na jibu langu la mwisho kwake lilikuwa hilo hilo.

Nawashukuru madaktari na wauguzi, jirani yetu Bi Pruitt kwa viazi vya jibini, wenzake wa kiwandani waliobaki, na wale watano wa kahawa ya Jumamosi walioleta betri nyingine Alhamisi na kusugua ile namba mpaka ikabaki kivuli. Gari haliendi kugongwa popote. Leo linatangulia makaburini, na naliendesha mimi. Rodney atakaa nyuma, walipokuwa wakikaa washukiwa, ambako milango haifunguki kwa ndani.

Pumzika kwa amani, Delbert, wewe peke yako, maana mimi na mwanao tuna maili sita za kuzungumza.