Mageuzi ya Viti

Kwenye treni ya asubuhi, bibi mshonaji alikaa akitazama inakoelekea, ubavuni mwake mwalimu wa mjukuu wake. Mbele yao, akiwa ameipa safari mgongo, alikaa ofisa wa elimu aliyepigwa pasi hadi soksi.

"Serikali imemwaga fedha kwenye mageuzi," ofisa alijigamba. "Au shule yenu haikupata fungu?"

"Tulipata," alijibu mwalimu. "Fungu la kukosa! Ilikuja semina, ukaja waraka: watoto wakae wakitazamana, wajadiliane. Madawati mapya hayakuja, basi tukayageuza yaleyale. Ndiyo mageuzi hayo. Sasa nusu ya darasa wanatazama ubao, nusu wanatazama wenzao wakitazama ubao."

"Ubao ni mambo ya kizamani, mwalimu."

"Basi tuleteeni hicho cha kisasa, mkuu. Watoto wanazungusha shingo kutwa kama bundi."

Bibi alishtuka. Kumbe! Mwezi mzima anamchua mjukuu wake shingo, huku akiusingizia mto wa kitandani. Maskini, mto wa watu!

Treni ilipoingia kwenye kona, ofisa alishika tumbo. "Shikamoo, bibi. Naomba tubadilishane viti. Nikienda kinyumenyume nasikia kichefuchefu, na mbele sioni."

"Marahaba, mwanangu," alisema bibi, akijikita vizuri kitini. "Wewe geuza shingo tu. Mafuta ya kuchulia ninayo."

Treni ikasimama kituoni, ofisa akiwa bado ameipa safari mgongo.