Shingo Bila Kibao: Phyllis Kageha, 1962–2009

Mchungaji, ndugu na marafiki mliokusanyika hapa Al Nahda, Dubai, leo Ijumaa, tarehe 13 Machi 2009, mama ambaye picha yake iko mezani, na ambaye mwili wake unasafirishwa kesho kwenda nyumbani, ni Phyllis Kageha, mshairi, na neno hilo limetangulia kazi zake nyingine zote kwa sababu ndivyo alivyotaka.

Alizaliwa tarehe 14 Aprili 1962, karibu na soko la Mbale, Maragoli, magharibi mwa Kenya, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Naftali Kisia na marehemu Mama Rebeka Mideva. Alianza shule ya msingi mwaka 1969, na katika shule hiyo mtoto aliyesikika akisema Kilogooli, lugha ya nyumbani, alivishwa kibao cha mbao shingoni, na njia pekee ya kukivua ilikuwa kumnasa mwenzake akiisema na kumkabidhi. Mwaka 1973, akiwa darasa la tano, Phyllis alivishwa kibao hicho wiki ya kwanza ya muhula, akakataa kumtaja mtu yeyote, akakivaa muhula mzima, kamba ikamchubua, na alama yake mliokaa naye mliiona. Alimaliza darasa la saba mwaka 1975, na masomo yakaishia hapo, kwa kuwa walioendelezwa ni kaka zake.

Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa na Isaiah Adagala, wakajaliwa Clifford mwaka 1984 na Virginia mwaka 1987, na Isaiah akafariki mwaka 1996.

Phyllis aliingia Dubai tarehe 12 Septemba 1999, akafanya kazi ya nyumbani kule Satwa kwa Madam Una, mwalimu mstaafu na mjane kutoka kisiwa kimoja cha Uskoti, aliyeishi na mwanawe mhandisi. Mwaka 2001 macho ya Madam yalianza kufifia, akamwita Phyllis kutoka jikoni amsomee mashairi ya washairi wa kwao wa siku hizi, wanaoandika kwa lugha tatu: Kiingereza, Kiskoti, ambacho Phyllis alisema ni Kiingereza kilichovua viatu, na Kigaeli, lugha ambayo Madam alinyonya nayo. Siku ya kwanza alisoma Kigaeli kwa kutamka kila herufi, jinsi tunavyosoma Kiswahili, Madam akacheka mpaka akaomba maji, akasema, "Yalla, Phyllis, anza tena, umeua nusu ya kijiji changu," naye akaanza tena, siku baada ya siku, mpaka kijiji kikafufuka.

Alikuwa amedhani mashairi ya Wazungu ni ya maua na malkia, akakuta mvua, kondoo, watu waliofukuzwa mashambani mwao, wanawake wa viwandani, kituo cha basi kinachonuka mkojo, na mtu akimjibu polisi kwa lugha ileile ambayo mwalimu wake wa shule aliiita chafu. Madam alipomweleza kwamba naye utotoni alichapwa shuleni kwa kusema Kigaeli, Phyllis alifungua kola, akauchukua mkono wake, akauweka kwenye alama ya kamba, na Madam akamwamuru akanunue daftari. Katika vitabu vile Kigaeli kilikaa ukurasa wa kushoto na Kiingereza chake kulia, basi Phyllis naye akaandika mashairi yake kushoto kwa Kilogooli, na kulia kwa Kiswahili.

Tarehe 30 Novemba 2005 Waskoti wa hapa mjini walifanya jioni ya mashairi, Madam akaalikwa, na mwandalizi akamwonyesha Phyllis kiti kando ya mlango wa jikoni. Madam alisema macho yake ni Phyllis, na macho yake hayakai jikoni. Phyllis alisimama mbele akasoma Kigaeli, wazee wawili wakafuta machozi, kisha, bila kuombwa, akafungua daftari lake akaanza shairi la Kilogooli, na mwandalizi aliponong'ona kwamba hakuna atakayeelewa, yeye ambaye hakuwahi kupaza sauti mbele ya mwajiri alisema, "Sir, mimi nimewasikiliza ninyi miaka minne, ninyi nisikilizeni dakika mbili," wakamsikiliza.

Madam Una alifariki tarehe 6 Juni 2007, na Phyllis akahamia hapa Al Nahda, akashona katika duka la mafundi Satwa, akaendelea kuandika. Mwezi Agosti 2008 aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo, akatibiwa, akadhoofika, akaaga dunia Jumatatu, tarehe 9 Machi 2009, saa nne asubuhi, Daisy, binti wa kaka yake, akiwa kando yake.

Kamati ya mazishi ilishauri kwamba katika wasifu huu pasomwe "msimamizi wa nyumba" badala ya mshairi, na kwamba shairi lake la mwisho lisomwe kwa Kiswahili tu, kwani katibu wetu Elias alisema, "Wageni wataona tumetoka porini." Daisy alifungua daftari kutafuta Kiswahili chake, akakuta ukurasa wa kulia mtupu, isipokuwa mstari mmoja chini kabisa, kwa mkono wa marehemu: "Hapa pasijazwe, kibao nilishakivaa."

Kwa hiyo hapatajazwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa ghorofa ya nne mlioleta uji, mafundi wenzake wa Satwa, mwana wa Madam, aliyeleta vitabu vyote vile vilivyo kando ya picha, na Elias, ambaye baada ya kubishana nasi siku mbili ndiye aliyebeba viti hivi mlivyokalia.

Sasa Daisy atalisoma shairi hilo kwa Kilogooli, lote, polepole, na asiyeelewa atulie asikilize, kama marehemu alivyosikiliza lugha za wengine.

Pumzika, Phyllis Kageha, shingo wazi.