Nne Yenye Mdomo Wazi

Siku ile tulikuwa watano chumbani kwa baba mkwe wangu, Desmond Pargeter: wifi yangu Rosalind, aliyemuuguza tangu majira ya baridi, mume wangu Giles, Bwana Hubert Askew, katibu wa klabu ya magari ya kale, mimi, na binti yetu Tilly wa miezi saba, ambaye Baba mwenyewe aliomba alazwe kitandani karibu na miguu yake. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Baba alisema hivi:

Sikieni, wanangu, na wewe Hubert sikia, maana sikukuita mgeni, nimekuita shahidi. Pumzi iliyobaki ni kidogo, kwa hiyo msinikatize hata mkiona nakosea. Nimekosea miaka kumi na tisa na hakuna aliyenikatiza.

Nyumba hii ni ya Rosalind. Amenigeuza kitandani usiku na mchana bila kunung'unika, na kila mara hupasha mikono yake kwenye kikombe cha chai kabla ya kunigusa, akidhani sioni. Giles, karakana ni yako na vyombo vyote, ila usimwazime mtu spana za baba yangu, hata padri.

Sasa gari. Lile jekundu bandani nilikuahidi wewe, Giles, uliuze mnadani, na najua mmekwisha kuangalia nyumba kule Leominster, kwani mama Tilly alinieleza alipokuwa akininywesha supu, akanionyesha kwa mikono jinsi dirisha la chumba cha mtoto lilivyo pana. Supu ile niliimeza kwa tabu.

Gari lile nililinunua, na karatasi ninazo, lakini moyoni mwangu halijawahi kuwa langu. Lilikuwa la Wilf Tranter wa Kington. Alilikuta ndani ya zizi la kondoo, halina sakafu, akalifufua kwa miaka kumi na mmoja, bolti kwa bolti. Watu wa nje hudhani gari la kale hupimwa kwa kung'aa, kumbe sisi hulipima kwa kuinama: injini ikiwa ndiyo ile gari lililotoka nayo kiwandani, thamani yake ni mara mbili ya gari lililobadilishiwa injini, hata yakifanana kama pacha, na ushahidi ni namba iliyogongwa kwenye chuma. Jicho la klabu katika namba hizo nilikuwa mimi. Nikisema ndiyo ni ndiyo, nikisema siyo, watu hufunga pochi zao.

Jumapili moja ya Juni, uwanjani, niliinama juu ya injini ya Wilf na kioo cha kukuzia, nikaona ile nne katika namba iko wazi juu, kama mdomo, na nne zote nilizowahi kuziona zilikuwa zimefungwa. Ningeweza kumvuta kando. Nilisimama wima mbele ya watu nikasema, "Wilf, hii nne uliigonga mwenyewe au ulimwachia mkeo?" Watu wakacheka. Hubert, na wewe ulicheka. Wilf alishusha boneti taratibu kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala, akaenda zake, na klabuni hakuonekana tena. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Tangu hapo hakuna aliyelitaka, na mwaka uliofuata akaliuza kwa bei ya gari la kughushi, nikalinunua mimi. Hakunitukana. Alinifundisha namna linavyopenda kuwashwa asubuhi za baridi. Na mama yenu alipougua, mkewe Edith alituachia mkate wa nyama mlangoni kila Ijumaa, akichukua sahani tupu bila kubisha hodi, ili nisilazimike kumtazama usoni.

Miaka sita baadaye niliitwa Brecon kupima gari la mjane mmoja, gari lisilowahi kuwa na mmiliki mwingine wala injini yake kuguswa. Nikainama. Nne ilikuwa na mdomo wazi. Nikamtafuta mzee aliyefanya kazi kiwandani miaka ile, naye akaniambia, huku akimenya viazi, kwamba chapa ya kugongea nne ilivunjika, wakaazima nyingine kwa wiki tatu. Wiki tatu tu, wanangu.

Nikarudi nyumbani nikijua mambo mawili: kwamba Wilf alikuwa mkweli, na kwamba gari bandani mwangu limepanda thamani mara mbili. Nikanyamaza. Kila mwaka nilisema nitakwenda Kington, na ni maili kumi na tano tu. Mficha maradhi kilio humfichua.

Giles, usitazame dirishani, nitazame mimi. Umesema nini? Natubu kwa mfuko wako? Ni kweli, mwanangu. Wangu hauna kitu tena.

Sikulazimishi. Kwenye wosia gari limeandikwa jina lako, nawe ukiliuza hakuna atakayekushtaki. Ningeweza kumwandikia Wilf gari lake humo, lakini hapo angepelekewa barua ya mwanasheria, na yeye anastahili mtu abishe mlango wake. Ana miaka themanini na mbili. Usingoje kama mimi.

Hubert, Juni hii, uwanja ule ule, utangaze jambo hili mbele ya wote. Usiseme makosa yalitokea. Sema Pargeter alikosea. Litaje jina.

Rosalind, maji... kidogo. Basi, inatosha.

Mama Tilly, unisamehe dirisha lile. Niwekee mkono wa mtoto hapa. Ni wa moto. Mungu awape... awape wepesi wa kusema nilikosea, mapema, mkiwa bado mnaweza kutembea. Pendaneni. Giles, mwanangu, sijakukasirikia, lolote utakalofanya. Fungueni pazia. Nimemaliza.

Baba alifariki Jumatano. Jumamosi Giles alilipeleka gari Kington yeye mwenyewe, akarudi kwa basi, na sisi bado tunaishi nyumba ya kupanga.