Kwanza Mlazeni Mgonjwa

Assalamu alaykum, ndugu zangu wa Kiwayu, wake kwa waume! Ashukuriwe Mola, anayewaongoza wanaoamini upesi na asiyetuchoka sisi tunaouliza kwanza!

Nimekuja kwenu kutoka Siyu kwa sababu nimesikia ile picha imeshafika huku. Mnaijua ninayoisema. Gari jeupe, pua ndefu, taa kama macho ya paka, limesimama juu ya kilima ambacho hakuna kati yetu aliyewahi kukipanda. SUV mpya, imezinduliwa juzi tu, na anayeitaka aweke nafasi mapema kwa wakala wa Mombasa. Sisi wa Siyu ilitufika kabla yenu. Mzee wenu mmoja akanipigia simu akasema nije nishuhudie yaliyotupata, kwa kuwa na nyinyi mmechanga na mko karibu kuamua.

Mimi si sheikh. Nimekuja na mama yangu, Bi Zainabu, yule pale anayejipepea upande wa wanawake, ili nikizidisha chumvi anikatize.

Jina langu ni Swaleh, lakini Siyu nzima huniita Bwana Kwa Nini. Nilipewa jina hilo chuoni, nikiwa mtoto, na mwalimu wangu wa Kurani, ambaye alinipenda na kunichoka kwa kiasi kimoja. Nikaenda chuo kikuu, watu wakatumaini nitarudi na majibu. Nilirudi na shahada na maswali mengi zaidi. Wakasema elimu imeniharibu. Baadhi walinong'ona kwamba hata imani yangu ina ufa, na sitawadanganya, kuna siku nami niliamini hivyo. Maana niliona wenzangu wanasali wakatulia. Mimi nikisali, swali langu linaamka.

Ndugu zangu, sasa niwaeleze shida yenyewe.

Mama alianguka kwenye ngazi ya dari, akaumia uti wa mgongo. Daktari anayemtibu yuko Mombasa, na alitutaka tumpeleke mara kwa mara. Sasa tazameni safari. Kutoka nyumbani vijana humbeba juu ya kitanda hadi mlangoni mwa mto, tunangoja maji yajae, anashushwa ndani ya boti na godoro lake. Mpaka hapo amelala, na waliomzunguka ni watu wake. Tukifika Mokowe, bara, kitanda kinabaki garini... hapana, mama ananitikisia kichwa. Kitanda kinabaki gatini, na mama anapanda basi, anakaa.

Huko kukaa ndiko kulikokuwa adhabu! Kufika Witu huwa ameshafumba macho na kuuma ncha ya mtandio. Ukimuuliza, atakwambia si vibaya. Ukimwona mama yangu anasema si vibaya na macho kayafumba, jua ni vibaya sana.

Wala hakuwa peke yake. Kila nyumba ya Siyu ina aliyepita ndia ile amekunjwa. Ndipo kijiji kikaamua: tununue gari letu likae Mokowe, limpokee kila mgonjwa anayeshuka kwenye boti na kumfikisha Mombasa. Wavuvi walitoa, wakulima walitoa, watoto wetu walio Arabuni walituma. Wanawake waliuza mikeka. Msimamizi akawa ami yangu, Athmani, ndugu wa marehemu baba, fundi wa ngozi. Kama umewahi kuvaa viatu vya Siyu vikakudumu, huenda umeitembelea kazi ya mikono yake.

Kisha ile picha ikaja.

Sitaki mumcheke ami yangu. Alisimama mbele ya msikiti, simu mkononi, akasema maneno ambayo mpaka leo nayaheshimu. Alisema: "Kila kitu chetu cha injini tumekinunua kimechoka kwa wengine. Mashine ya boti, ya wengine. Jenereta, ya wengine. Nataka kabla sijafa nione kitu kimoja kipya kikiitwa cha Siyu." Watu wakaitikia. Na mimi moyo wangu uliitikia, ndugu zangu! Nani hataki jina la kwao ling'ae?

Lakini ulimi wangu mnaujua. Nikauliza kwa nini tutoe arbuni ya kushika nafasi kwa gari ambalo bado liko melini. Nikauliza kama tukilikataa arbuni hurudishwa, na jibu la wakala lilikuwa kwamba hairudi. Nikauliza la tatu: mgonjwa atalala wapi? Nikaambiwa gari kubwa vile halikosi pa kulala mtu. Mmoja akasema Swaleh akifika peponi ataomba kwanza aone ramani. Ami Athmani mwenyewe akasema hata nikishonewa sanda nitauliza uzi umetoka wapi. Wakacheka, nami nikacheka, maana ilikuwa kweli.

Wazee wakaamua tusali istikhara, kila nyumba, tumwombe Mola atuchagulie. Hilo ni jambo jema na la haki. Tatizo letu watu wa visiwani ni kwamba istikhara tumeigeuza kuwa mashindano ya ndoto. Asubuhi iliyofuata hakuna aliyekuwa hakuota! Bi mmoja aliota kitu cheupe kinang'aa gatini Mokowe. Jirani yetu aliota ami Athmani anapita juu ya upinde wa mvua na kanzu yake. Mwingine aliota ngamia, na kabla hajamaliza kusimulia ngamia alikuwa ameshafasiriwa kuwa na magurudumu.

Nikasema mtu huota alichokitazama mchana kutwa. Wengine waligeuza nyuso, na nilijua nimevuka mpaka. Mama, ambaye alikuwa amelazwa barazani kwa bi jirani, akaniuliza mbele ya wote:

"Na wewe umeisali?"

Nilikuwa sijaisali.

"Basi nyamaa mpaka uisali."

Nikaenda. Niliisali baada ya adhuhuri, mchana kweupe, makusudi, ili asije mtu kuniuliza nimeota nini. Nikamwambia Mola ukweli wangu: mimi sijui kuomba bila kuuliza, kama hilo ni ugonjwa niponye, na kama si ugonjwa nionyeshe kazi yake. Kisha nikasoma dua kama tulivyofundishwa.

Ndugu zangu, nashuhudia mbele yenu: sikuona kitu! Hakuna nuru, hakuna sauti, hakuna hata ngamia. Niliondoka kwenye mkeka na maswali matatu niliyoingia nayo, ila mawili yalikuwa yamelegea. Arbuni, meli, yote hayo yalinitoka. Likabaki moja, limekaza kuliko mwanzo. Mama atalala? Wakati ule sikulitambua. Nilidhani sala yangu haikupokewa.

Siku ya kwenda kwa daktari ilipofika, ami Athmani alisafiri nasi, arbuni ya kijiji iko kifuani ndani ya kanzu. Kwenye basi alikaa ng'ambo ya mama, na kwa mara ya kwanza akaiona safari ile kwa macho yake. Mwanzoni alikuwa akinionyesha ile picha. Baada ya Witu aliirudisha simu mfukoni. Nami, mkiweza kuamini, sikuuliza.

Tulimaliza kwa daktari tukaenda kwa wakala. Gari la maonyesho lilikuwepo, moja tu, limefungwa utepe. Wallahi ni zuri, nisilisingizie! Ami alilizunguka polepole kama anayeizunguka ngozi kabla hajaikata. Kijana wa mauzo alikuwa na adabu zake, akatuletea viti na maji, akasema orodha ya majina inakaribia kujaa. Nikamwomba atufungulie nyuma tumlaze mama. Akaniangalia, akaangalia utepe. Akasema gari hili bado ni la kutazamwa.

Mama akajiinua kwa bakora yake.

"Mwanangu," akamwambia, "gari hini ni ya kupandwa au ni pazia?"

Kijana akacheka, akaukata utepe mwenyewe, Mungu amjalie. Akakunja viti vya nyuma, tukamsaidia mama kulala. Viti vile vikikunjwa havilingani na sakafu, pana tuta katikati, na tuta lile lilikuja pale pale mgongoni. Magoti yalibaki juu. Nikamuuliza vipi.

"Si vibaya," akasema, na macho kayafumba.

Ami Athmani aliisikia, na safari hii alijua maana yake. Alimwomba radhi shemeji yake, tukamteremsha. Kisha, ndugu zangu, mzee yule akavua kofia akanipa. Akavua viatu vyake, kazi ya mikono yake, akavipanga kando kwenye ile sakafu inayong'aa. Akapanda yeye na kanzu yake nyeupe, akalala pale pale alipolala mama. Wateja wengine waliacha mazungumzo. Kijana wa mauzo aliniambia kwa upole kwamba wateja wao huwa wanakaa.

"Swaleh," ami akaita kutoka ndani, "funga mlango."

Nikajaribu. Miguu ilikuwa imetokeza nje.

"Haufungiki, ami."

"Najua," akasema.

Akabaki amelala, anatazama dari la gari, na hakuna aliyemharakisha. Nilimwonea uchungu, maana nilijua anachokiaga. Aliposhuka alimpa kijana mkono, akamwambia: "Gari lenu zuri, mwanangu. Mungu awaletee wateja wa kukaa." Akakipapasa kifua, arbuni ipo, tukatoka.

Ushindi wangu huo, si ndiyo? Nilikuwa nimeshaandaa hotuba. Haikutoka. Njiani ami alinishika bega akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, istikhara yangu ilijibu nini. Nikamwambia sikuota, niliachiwa swali moja tu.

"Basi ndilo lililojibu," akasema.

Hapo ndipo nilipofunguliwa, ndugu zangu! Miaka yote nilibeba maswali yangu kama mtu aliyebeba kitu cha wizi, nikiyaficha nikisimama mbele ya Mola. Kumbe Yeye aliyeniumba nikiuliza hakukosea. Nilimwomba aniponye au anionyeshe kazi, akanionyesha kazi. Sikuacha kuuliza. Niliacha kuona haya. Na naona fahari kusema hivyo mbele yenu, Alhamdulillahi!

Tuliporudi, Siyu haikufurahi siku hiyo. Wenye ndoto walinikunjia uso. Lakini ami alisimama pale pale mbele ya msikiti, akasema miguu yake ilitoka nje, na akawaonyesha kwa mkono ilitoka wapi mpaka wapi. Msikiti mzima ulicheka naye. Hakuna aliyebishana na miguu ya Athmani.

Tukanunua gari la mizigo lililofungwa pande zote, refu, sakafu yake sawa kama meza. Ndiyo, limechoka kwa wengine. Wengi waliliangalia pale Mokowe wakaguna. Ami alilizunguka vile vile polepole, kisha akapanda, akalala. Akasema funga. Mlango ukafunga.

Akarudi Siyu akajifungia na kazi yake. Hakuna aliyemtuma. Alimtaka seremala achonge kitanda cha kuingia ndani ya gari lile, chenye nakshi kwenye miguu kama vitanda vya mabibi zetu, na yeye akakitandika mikanda ya ngozi, akaishona mshono ule ule wa viatu, mpaka ikawa inamkumbatia mgonjwa gari likipiga kona. Mtu hana pa kununua kitanda kile! Mombasa hakipo, Nairobi hakipo. Madereva wa Mokowe huomba kufunguliwa waone ndani. Ndugu zangu, ami yangu alitaka kitu kimoja kipya kiitwe cha Siyu. Amekipata, na kimetoka mikononi mwake!

Safari ya kwanza ilikuwa ya mama. Nilikaa pembeni yake, nimemkodolea macho. Tulipofika Witu nikamwangalia, macho kayafumba. Nikainama kumsikiliza. Alikuwa anakoroma.

Anakataa kule! Mnamwona? Mama, ulikoroma. Ulikoroma Garsen, ukakoroma Malindi, na ami Athmani alikataa redio iwashwe. Tulipozima gari mbele ya hospitali ndipo alipofumbua macho akaniuliza:

"Tushafika Witu?"

Ami alishuka haraka, akaenda kusimama nyuma ya gari, na alikaa huko kitambo.

Basi, ndugu zangu wa Kiwayu, huo ndio ushuhuda wangu. Sikuwaambia msinunue jipya. Huenda lenu likawapo na likawatosha, na mkilipata nitakuja kulishangilia. Mtegemeeni Mola, salini istikhara yenu, mwenye kuota aote. Ila aliye na swali msimfukuze barazani, na kabla hamjatoa arbuni, kwanza mlazeni mgonjwa wenu ndani, mufunge mlango.

Na mpaka mtakapopata lenu, gari la Siyu ni lenu. Boti yenu ikimshusha mgonjwa Mokowe, semeni mmetumwa na Bi Zainabu. Ami Athmani anawasalimu. Amenituma niondoke hapa na kipimo cha mtu mrefu kuliko wote Kiwayu, cha kitanda chenu, alale urefu wake, asikunje goti. Ngozi anayo tayari, anangoja kukata. Nani mrefu hapa? Simama, ndugu yangu, usione haya.