Sak Mukuy, Fundi Aliyemwongezea Mtawala Babu

Leo, siku ya 13 Ahau, tarehe 18 ya mwezi Kumku, katun ya kumi na saba inatimia, na Mzee Sak Mukuy anaweka patasi chini baada ya katun mbili za kuchonga mawe ya mji wetu wa Yaxtunil, yaani miaka arobaini kamili kwa hesabu yetu ya siku mia tatu na sitini kwa mwaka. Kwa wavivu wa kuhesabu, ni siku elfu kumi na nne na mia nne. Mkewe, Ix Chab, anasema kazihesabu zote.

Alianza kwa kupasua mawe, akapanda hadi kuchonga mambo ya wakubwa: kuzaliwa kwao, kukalia kwao mkeka wa enzi, mateka wao, mazishi yao. Yule mateka mkali wa kwenye ngazi za mashariki, mwenye misuli kama mizizi, ni kazi yake. Tuliokuwepo tunajua mateka yule alikamatwa akiwa usingizini.

Miaka kumi iliyopita alifanywa fundi mkuu, akakabidhiwa jiwe la mtawala wetu, Chak Koj. Pembeni aliachiwa nafasi ya kuchonga jina lake mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Fundi ambaye jina lake haliko kwenye jiwe, kwetu ni kama hakufanya kazi. Aliitamani nafasi ile mno.

Mchoraji mmoja, ambaye kwa sasa tutamsitiri, ndiye aliyetangulia kupaka wino ili patasi ifuate. Kwenye hesabu ya tangu mtawala azaliwe hadi akalie mkeka, mahali pa katun, ambapo kila moja ni miaka ishirini, badala ya nukta ya moja akapaka mstari wa tano. Mzee akachonga alichokiona. Chak Koj, aliyekalia mkeka akiwa na miaka ishirini na sita, jiwe likampa mia na sita.

Siku ya kulisimamisha, mama yake mtawala, Bibi Ix Tunich, alisoma, akarudia.

“Jamani! Mimi nina sitini, mwanangu ana mia na ushee! Sasa nani kamzaa mwenzake?”

Kwa kosa la tarehe, mchoraji hukatwa vidole. Mtawala akauliza nani kafanya.

“Ni mimi, Mtukufu,” Mzee akajibu, kabla mchoraji hajafungua mdomo. “Lakini si kosa. Hiyo ni siku aliyozaliwa babu yako, ambaye roho yake imerudi kwako. Ile nafasi pembeni nimemwekea yeye.”

“Babu yupi?”

“Ambaye hatujamchonga bado.”

“Enhee! Huyo namkumbuka vizuri,” akadakia Bibi Ix Tunich, ambaye hakuwahi kukataa ukoo uongezwe urefu.

Basi nafasi ya jina la Mzee ikachukuliwa na babu ambaye hakuzaliwa na yeyote. Leo babu huyo ana madhabahu yake, anafukiziwa ubani, anachinjiwa bata mzinga kila mwaka, na mvua ya juzi wamempa sifa yeye. Lakini mtawala hakuridhika sana. Alimpiga Mzee marufuku kuweka jina lake kwenye jiwe lolote. Marufuku hiyo imedumu hadi leo, na Mzee hakumtaja mchoraji hata kwa mkewe.

Mchoraji ni mimi ninayeandika wasifu huu. Miaka kumi nimekula naye, nimecheka naye, nimenyamaza. Naona aibu, na nasema hivyo mbele ya karakana nzima.

Asubuhi hii, kwenye jiwe la katun lililosimamishwa uwanjani, chini ya jina la mtawala, nilipaka jina la Sak Mukuy, kubwa. Mafundi wenzangu wamelichonga kwa kina ambacho hakifutiki.

Mzee, asante kwa kazi, na kwa vidole vyangu kumi. Karakana nzima inakuombea uzee wenye afya, mahindi tele na kakao isiyokauka kikombeni. Jioni mtawala na wakubwa wake watapita kulisoma jiwe. Wakiuliza nani kafanya, tafadhali kaa kimya. Safari hii nitajibu mwenyewe.